Dokta, malaria haipo, sasa naumwa nini?

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi kweli na karibu zote zinahusu virusi, hata kama mwenyewe aliyeandika hajui kama ni virusi. Kabla sijaanza kujibu niseme kitu kimoja kinachonichosha. Mtu anaandika "nimepima kila kitu dokta", basi, hasemi amepimwa nini wala ilikuwa siku ya ngapi tangu aanze kuumwa. Jamani kwenye magonjwa ya virusi siku ni nusu ya jibu, kipimo kilekile kinaweza kusema kweli Jumatatu na kikakudanganya Ijumaa. Mkiniandikia tena wekeni siku. Na hilo la kuniita dokta silikatai, ila mjue mimi ni tabibu tu.

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nakaa Tandika. Nilianza kuumwa Jumapili, homa kali ya ghafla, kichwa hasa nyuma ya macho, na mwili wote kama nimepigwa marungu. Jumatatu nikaenda dispensari ya hapa mtaani wakapima malaria wakasema hakuna ila taifodi ipo nyingi, nikachomwa sindano siku tatu, nikapewa na azuma na diklo za maumivu. Ijumaa shemeji yangu akaniambia hiyo ni dengue kapime, nikapima ile inaitwa NS1 haikuonekana. Leo Jumamosi namshukuru Mungu homa imeshuka ila tumbo linaniuma sana na nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Sasa dokta naumwa nini mimi?

JIBU: Marahaba. Huyu ndugu nilimpigia simu siku ileile aliyoandika, kusubiri mpaka toleo litoke ingekuwa ni kumzika. Nilimwambia acha diklo sasa hivi, chukua bajaji nenda hospitali kubwa, waambie homa imeshuka leo na fizi zinatoa damu. Alilazwa, akawekewa maji, akakaa siku tatu, saa hizi amesharudi kazini. Ilikuwa dengue, homa ya virusi inayoletwa na mbu. Nimeomba ruhusa yake niieleze habari yake yote maana makosa yaliyomo humo yanafanyika kila kona ya Dar mvua zikinyesha.

Tuanze na hiyo taifodi. Kipimo walichofanya kinaitwa Widal, na hicho hakimtafuti mdudu, kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza dhidi yake. Kama uliwahi kuumwa taifodi zamani, au umechanjwa, au una kinga ya wadudu wengine wanaofanana nao, kinaweza kusema ipo wakati huna kitu. Kipimo cha uhakika ni kuotesha damu maabara, na majibu yake yanachukua siku kadhaa, ndio maana watu wa mtaani hawakipendi, mteja anataka ugonjwa wenye jina leo na dawa leo. Mimi sisemi dispensari zote ni wezi, wengine wanatumia walichonacho, ila ukiona kila homa yako kwa mwaka mzima inaitwa taifodi, jiulize.

Alafu malaria nayo. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole ni kizuri sana, ila kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya wewe kupona kabisa, kwa hiyo mtu anaumwa kitu kingine anapewa dawa ya mseto mara ya pili na ya tatu. Ukitoka kutibiwa malaria juzi na homa imerudi, omba waangalie kwa darubini.

Sasa dengue yenyewe. NS1 ni kipande cha kirusi chenyewe, kinaelea kwenye damu siku za mwanzo, yaani siku ya kwanza mpaka kama ya tano hivi, baada ya hapo kinapungua. Kinga ya kwanza, wanaita IgM, inaanza kuonekana kwenye siku ya nne au ya tano na kuendelea. Ndugu yetu alianza Jumapili, akapima NS1 peke yake Ijumaa, siku ya sita! Alichelewa kwa kipimo hicho na hakuna aliyemwambia aongeze kile cha IgM. Hospitali walipomfanyia IgM ikaonekana, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa zimeshuka.

Kosa lililonitisha zaidi ni diklo. Kwenye dengue damu tayari ina tabia ya kuvuja, ukiongeza diklofenaki au aibuprofeni au aspirini unachochea kutoka damu. Homa yoyote ambayo hujajua ni nini, tumia parasetamol tu, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mtu mzima kila baada ya saa 6 au 8, visizidi 8 kwa siku. Dawa inayoua kirusi cha dengue haipo. Matibabu ni maji, parasetamol, kupumzika na kuangaliwa. Watu wananiuliza majani ya mpapai, wengine wananitumia na video, ushahidi wake bado haujashiba, na anayekunywa hiyo juisi badala ya kwenda hospitali ndio ananiogopesha.

Halafu hili ndilo watu hawaliamini: hatari ya dengue inaanza pale homa inaposhuka. Kati ya siku ya tatu na ya saba mgonjwa anasema nimepona, kumbe maji ya damu yanavuja nje ya mishipa. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, kuwa mlegevu au kuhangaikahangaika, hapo usisubiri kesho. Na anayeumwa mara ya pili anaweza kuumwa vibaya zaidi, kwa sababu dengue ni aina 4, ukipona moja hizo nyingine bado zinakungoja.

Wazee wa Pwani wanaijua tangu zamani, walikuwa wanaiita kidingapopo. Ina ndugu yake anaitwa chikungunya, mbu ni haohao wenye madoadoa meupe wanaouma mchana, na hiyo ni ya kwetu kabisa, iligunduliwa kwenye mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, na jina lenyewe ni la Kimakonde, maana yake kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyotembea amekunjamana kwa maumivu ya viungo. Chikungunya viungo vinaweza kuuma miezi baada ya homa kuisha. Mkitaka kupunguza zote mbili, mwageni maji kwenye vifuu vya nazi, makopo na yale matairi ya fundi. Chandarua cha usiku mbu huyu anakicheka.

SWALI: Daktari salaam aleikum. Niko Kisauni, Mombasa, umri wangu 29. Nilikuwa naenda Ghuba kazini, ajenti amenitoza pesa ya medikali, majibu yametoka nimefeli, wameandika HBsAg pozitivu. Sijawahi kuumwa hata siku moja, nabeba magunia vizuri tu. Kuna mzee aniuzia dawa ya miti ya kusafisha ini. Kisha nina mchumba, harusi ni baada ya mfungo mosi. Mama haniruhusu tena kula nao sinia moja. Nimekwisha?

JIBU: Waaleikum salaam. Hujakwisha, na mwambie mama akurudishe kwenye sinia leoleo. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula pamoja, wala kikombe, wala kukumbatiana. Inapita kwenye damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Vitu vya kutochangia ni wembe, mswaki, mashine ya kunyolea isiyosafishwa, sindano.

HBsAg ni alama ya kirusi cha homa ya ini B kwenye damu, na inasema jambo moja tu, kwamba kirusi kimo mwilini kwako hivi sasa. Haisemi kimeingia lini na haisemi ini limeumia kiasi gani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudia baada ya miezi 6, kama bado kipo basi ni cha kudumu. Watu wazima wengi wanaoambukizwa ukubwani mwili unakifukuza wenyewe, ila mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake, 9 kati ya 10 kinabaki. Nakwambia ukweli, kwa umri wako inawezekana kabisa umeishi nacho toka utotoni, maana chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, wewe ulishazaliwa. Kwa hiyo usianze kumtafuta mchawi wala kumtazama mchumba kwa jicho baya.

Sasa vipimo vya kuomba, nenda kliniki ya magonjwa ya ndani, ni vya ini kufanya kazi (hasa ALT), HBeAg (alama ya kirusi kinachozaliana kwa wingi), kiasi cha virusi kwenye damu, na ultrasaundi ya tumbo. Hicho cha kiasi cha virusi ni ghali, nalijua hilo, lakini kuna maamuzi hayafanyiki vizuri bila yake. Sio kila mwenye HBsAg anaanzishiwa dawa. Wengine ini limetulia, wanafuatiliwa kila miezi 6 basi. Wanaohitaji wanapewa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, hakiondoi kirusi ila kinakilaza na ini linapumua, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lililegeza masharti kwa hiyo watu wengi zaidi sasa wanastahili kuanza. Ukianza usiache ghafla bila kuambiwa, kirusi kinaweza kuamka kwa hasira. Na kwa vile tenofovir imo pia kwenye dawa za HIV, lazima pia upime HIV kwanza, kisha jiandae, jirani akiona kopo atakuwa na maneno yake.

Dawa ya huyo mzee usinywe. Yeye sina ugomvi naye, ila ini ndilo linalochuja kila unachomeza, na miti mingine inaliumiza, unaweza kwenda na ini zima ukarudi na bovu. Pombe pia hapana. Na kitu ambacho hakisemwi sana, mahindi na karanga zenye ukungu. Ile sumukuvu ikikutana na homa ya ini B, uwezekano wa saratani ya ini unapanda sana kuliko kila moja peke yake. Karanga ikiwa chungu itemee mbali.

Mchumba apime. Kama hana, achanjwe dozi 3, ya leo, ya mwezi mmoja, na ya miezi 6, na mpaka amalize mtumie kondomu. Ndugu zako na mama wapime pia. Wewe usichanjwe, kuna maduka yatakuuzia tu hata kama umeshawaonyesha majibu, ni hela ya bure. Mkijaliwa mtoto, mwambieni mkunga mapema, kuna chanjo ya ndani ya saa 24 za mwanzo.

Kuhusu safari, sheria ni za kwao kule, mimi siwezi kukudanganya. Ila ajenti akikwambia ongeza pesa tubadilishe damu, mkimbie.

SWALI: Mwanangu ana miezi 9 anaharisha maji matupu na kutapika leo siku ya pili, joto kidogo. Bibi yake anasema ni meno ya plastiki kuna mtu Morogoro anayatoa. Duka la dawa wamenipa flajili. Choo kimepimwa hakuna kitu. Nisaidie dokta, Mama Junior.

JIBU: Mama Junior, meno ya plastiki hayapo. Kale kauvimbe keupe kwenye fizi ni jino la kawaida ambalo halijatoka, na anayelikwangua kwa wembe au spoku ya baiskeli anamwachia mtoto damu, maambukizi na baadaye mtoto bila jino. Namheshimu bibi, shikamoo yake, lakini hapo hapana.

Choo "hakuna kitu" kwa sababu darubini ya kawaida inaona minyoo na amiba, virusi ni vidogo mno haiwezi kuviona hata mtaalamu akikodoa macho mpaka jioni. Umri huo, kuharisha maji na kutapika, mara nyingi ni virusi, rota akiwa mkubwa wao. Tanzania tunatoa matone ya chanjo ya rota tangu 2013, wiki ya 6 na ya 10, angalia kadi yake. Aliyechanjwa anaweza bado kuharisha ila mara nyingi haimlazi.

Flajili haiui virusi, rudisha. Anachohitaji ni maji ya ORS, soma pakiti kama ni ya lita moja au nusu maana kuna za aina mbili, mpe kwa kijiko kidogokidogo, akitapika subiri dakika 10 uanze tena. Zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 mpaka 14 hata kuharisha kukikata. Nyonyesha, usimfungie chakula. Ukiona macho yamezama, analia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiibana inarudi taratibu, amelegea hataki hata kunywa, au damu kwenye choo, beba mtoto uende, hata kama ni usiku.

SWALI: Baba yangu miaka 61, yuko Songea, ametokwa mkanda wa jeshi ubavuni kushoto toka jana. Wanasema ukizunguka ukakutana mgongoni anakufa. Pia watu wanasema ni dalili ya ukimwi, nyumbani kumechafuka mama haongei naye.

JIBU: Jana! Safi sana, umeuliza kwa wakati. Huyu hahitaji kipimo cha maabara, tunautambua kwa macho, malengelenge kwenye mstari upande mmoja wa mwili na maumivu ya moto. Anywe asaiklovia miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, na inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 72, kwa hiyo leo aende akaandikiwe, hasa kama ana tatizo la figo wampangie dozi. Asipake dawa ya meno wala mafuta ya taa.

Mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ileile aliyougua utotoni. Kirusi hakikuondoka, kililala kwenye mzizi wa mshipa wa fahamu karibu na uti wa mgongo, kinga ikichoka kinaamka na kufuata mshipa huohuo. Mishipa ya kushoto inaishia kushoto, ndio maana kwa kawaida hauvuki katikati na hiyo hadithi ya kukutana haipo. Kinachotutisha sisi ni ukitokea kipaji cha uso na pua, maana jicho liko hatarini, hapo ni daktari wa macho siku hiyohiyo.

Ukimwi? Kijana wa miaka 25 akipata mkanda tunamshauri apime HIV, kwa mzee wa 61 umri peke yake unatosha kuueleza. Akipima ni sawa, kila mtu apime, lakini mama asihukumu kwa malengelenge, mwambie umeyasoma hapa. Asimbebe mjukuu mchanga wala asikae na mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga mpaka vidonda vikauke. Maumivu yakibaki miezi baada ya ngozi kupona, asivumilie kiume, zipo dawa za mishipa kama amitriptilini.

SWALI: Bro nimelala na mtu juzi usiku bila kinga, leo asubuhi nimepima ngoma haipo. Niko poa si ndio?

JIBU: Huyu naye nilimjibu palepale. Hapana, hicho kipimo kimekueleza habari za miezi iliyopita, cha juzi hakijui. Kinga ambayo kipimo cha haraka cha HIV kinaitafuta inachukua wiki kadhaa kujitokeza, wengine mpaka miezi 3. Lakini alikuwa bado ndani ya saa 72, na ndani ya muda huo kuna dawa za kuzuia HIV isikuingie, zinaitwa PEP, unameza siku 28 bila kuruka. Alizipata hospitali ya serikali mchana uleule. Angesubiri gazeti, mlango ungekuwa umefungwa.

SWALI: Kwa nini siku hizi madokta wanatunyima antibaiotiki? Nina mafua siku ya nne makamasi ya njano kabisa, nikaambiwa kunywa maji. Maji nayajua mimi!

JIBU: Hahaha. Mkuu, njano ni chembe zako za kinga zilizokufa vitani, hata kwenye virusi yanakuwa njano. Antibaiotiki zinashambulia bakteria kwa sababu bakteria ana mwili wake, ana ukuta wake, kuna pa kumpiga. Kirusi kinajificha ndani ya seli zako mwenyewe na kutumia mashine zako, azuma haina pa kushika. Unachopata ni kuharisha, na wadudu wengine mwilini wanaizoea, siku ukipata nimonia ya kweli dawa inagoma.

Dawa za virusi zipo ila kila moja na kirusi chake, homa ya ini C siku hizi inapona kabisa kwa wengi kwa vidonge vya wiki 12 hivi, flu kali ina oseltamivir ikianza ndani ya siku 2, ila mafua ya kawaida hayana. Siku 7 mpaka 10 yanaisha, kikohozi kinaweza kubaki wiki 2 au 3. Tangawizi na asali endelea nayo, asali usimpe mtoto chini ya mwaka. Ukibanwa pumzi, kifua kikichoma, au ukipata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu, hapo njoo tena, huenda sasa ni bakteria na utapewa hizo unazozililia.

SWALI: Macho mekundu nyumba nzima, wapangaji wote. Tuweke nini? Wengine wanasema maziwa ya mama, wengine chai ya rangi.

JIBU: Msiweke kitu. Ni kama ule mlipuko wa macho mekundu wa Dar mwezi Januari 2024, mara nyingi ni virusi, unaisha wenyewe wiki moja hadi mbili. Maziwa ya mama ni ya mtoto, chai ni ya kunywa, na mkojo (ndio, kuna mtu ameniuliza) ni wa chooni. Msichangie dawa ya matone aliyonunua mpangaji mmoja, nyingine zina steroidi zinaharibu jicho. Osha kwa maji safi, nawa mikono kila ukigusa uso, taulo kila mtu na lake. Anayeona ukungu, asiyeweza kutazama mwanga, au maumivu makali, aende kliniki ya macho. Na foronya badilisheni kila siku, sio kuugeuza mto upande wa pili.